Kwenye mabanda ya maseremala wenzangu

Nikiingia kwenye banda la seremala mwenzangu, kabla sijatazama kabati wala kitanda anachokitengeneza, natazama chini. Maranda yanasema mengi. Yakiwa marefu na membamba, yamejiviringa, na ukiyanyanyua mwangaza unapenya, najua humu mna randa iliyonolewa ikanoleka na mtu anayejua nyuzi za ubao zinaelekea wapi. Yakiwa mafupi, yamekatikakatika, basi ama chuma cha randa kimekufa makali ama ubao umerandwa kinyume cha nyuzi zake. Hayo nayasoma hata salamu hazijesha.

Mimi ni seremala hapa Wete. Banda langu liko uani, bati juu na makuti ubavuni, na Pemba wengi wetu tumo hivyo hivyo. Mwengine anafanya kazi chini ya mwembe, mwengine kaligeuza banda la mbuzi, mwengine anachonga barazani na jioni anafagia ili wazee wapate pa kukaa. Mteja anakuja, anapewa gogo akae, anapewa chai, anaagiza mlango wake. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba kazi iko karibu na watoto na jiko. Ubaya wake ni kwamba kila mtu yuko peke yake. Unaweza kufanya kazi miaka na miaka usijue seremala wa kijiji cha pili anafungaje viungo vyake.

Kwa hiyo nilijijengea tabia ya kutembelea. Nikienda maziko Konde nauliza, fundi wa hapa anakaa wapi? Nikishuka Mkoani kupokea mbao bandarini, lazima nipite kwa mtu. Nikivuka kwenda Unguja kwa shughuli yoyote, sirudi bila ya kuchungulia banda. Mke wangu ameshazoea kwamba safari ya saa mbili kwangu ni ya kutwa nzima. Na naamini kabisa kwamba matembezi haya yamenifunza useremala kuliko chombo chochote nilichowahi kukinunua.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa upande wa kaskazini, si mbali na msitu wa Ngezi. Nilipiga hodi, nikasikia sauti: "Karibu, mwanangu. Ruka hapo, kuna tezo." Vyombo vyake vilikuwa vimetundikwa ukutani kwa mfuatano wa kazi: misumeno kwanza, kisha randa, kisha juba na patasi, mwisho nyundo. Mkono ulikuwa unajua pa kwenda, jicho halikuwa na haja ya kutafuta. Patasi mbili kati ya zile zilifuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari, na mipini yake mzee aliichonga mwenyewe kwa mkarafuu uliokauka. Randa yake ndefu ilikuwa ya mbao, mwili wote kautengeneza yeye, na pale anapoweka kiganja ubao umelika ukafuata umbo la mkono wake.

Benchi lake nilikaa nalo muda mrefu. Kaliweka chini ya uwazi mkubwa, mwangaza unaingia kwa mkono wa kushoto, ili kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie mstari anaoukata. Urefu wa benchi ni wa kiuno chake, kwangu lilikuwa fupi. Ni banda la mtu aliyefanya kazi bila ya kutegemea taa. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika Pemba mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta, na majenereta yale hayakuwa kitu cha kukifungulia mashine kwa uhakika. Sisi tuliokuja baadaye tunaweka benchi popote penye soketi. Yeye aliliweka penye jua.

Siku ile alikuwa anamtengenezea mjukuu wake kitanda cha mfenesi. Asiyeujua mfenesi atadhani ni mti wa matunda tu. Ukiupasua, kiini chake ni cha manjano kali, na kadiri miaka inavyokwenda rangi inazama mpaka inakuwa hudhurungi yenye wekundu kwa mbali. Mchwa hauuwezi kirahisi. Milango ya kale ya visiwa hivi haikuchongwa yote kwa msaji. Mfenesi nao umo, na umesimama mpaka leo.

Matendegu manne, yaani miguu, yalikuwa tayari yamekerezwa, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni na mifumbati miwili ya ubavuni imelazwa kwenye magunia. Nikainama kutazama kitakizo kinavyoingia kwenye tendegu. Sikuona gundi.

"Gundi iko wapi, ami?"

"Ya nini? Hebu shika hapo uvute."

Nikavuta. Hakikutikisika. Akacheka, akachukua kitakizo cha pili ambacho alikuwa hajakifunga, akanionesha polepole. Kwanza anatoboa tendegu, tundu moja la kijiti linalokatisha lile shimo la ulimi, yaani ncha ya kitakizo iliyopunguzwa ili iingie kwenye tendegu. Kisha anaingiza ulimi mpaka mwisho, anachoma alama kwa ncha ya keekee kupitia tundu lile, anautoa ulimi nje. Sasa hapa ndipo penye ufundi: tundu la kwenye ulimi halitobolewi juu ya ile alama. Analisogeza kiasi cha unene wa ukucha, kuelekea kwenye bega la ulimi, pale ulimi unapoanzia. Matundu hayalingani, na ni makusudi. Kijiti kilichochongwa ncha, cha mti mkavu kuliko tendegu lenyewe, kikipigwa nyundo kinalazimika kujipinda kidogo ili kipite, na kwa kujipinda kule kinauvuta ulimi ndani mpaka bega linabana. Kikishafika upande wa pili hakuna kinachokitoa.

Mifumbati haifungwi hivyo, aliniambia, kwa sababu kitanda lazima kipite mlangoni na siku moja kitahama. Ile inashikwa kwa kabari unazoweza kuzigonga zikatoka.

Nikamuuliza, kwa nini usumbuke hivi na madukani gundi imejaa? Akanijibu kwa kunionesha paa. Hewa yetu hapa imejaa maji. Masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, mbao zinavimba, kiangazi zinarudi. Ubao hauongezeki urefu kitu cha kuonekana, lakini kwa upana unakwenda na kurudi kila mwaka. Gundi inavutwa huku na huku mpaka inachoka. Kijiti cha mti kinakwenda pamoja na mti mwenzake. Yale nilikuwa nimeyasikia darasani kwa maneno. Kuyaona kwenye tendegu, na kuyashika, ni jambo jengine.

Nilipokuwa naaga akaniambia kitu ambacho kimenikaa. Watu wengi wamekuja kutazama vitanda vyake, wakamuuliza kitakwisha lini na ni shilingi ngapi. Kuhusu tundu lile hakukumbuka nani wa mwisho kumuuliza. Alilisema hilo bila ya uchungu, lakini mimi niliona uchungu. Mtu ameficha akili yake yote ndani ya kiungo, pahala ambapo hakuna mteja atakayepaona, na amengoja mwenzake wa kazi aje kumwambia: nimeuona.

Ndiyo maana siku hizi nikitazama kazi ya fundi mwenzangu nakwenda kwanza pale ambapo mteja haendi. Navuta droo, naigeuza, natazama nyuma yake. Naingiza mkono chini ya meza nione uso wa meza umeshikwa vipi, kama umepigiliwa misumari ukanyimwa nafasi ya kutanuka, au umepewa vishikizo vinavyouachia uende na kurudi. Napapasa mgongo wa kabati. Ukikuta mgongo wa kabati umerandwa na kupigwa msasa wakati utakaa ukutani maisha yake yote, huyo ni mtu wa kuvuliwa kofia. Na sharti umwambie. Umwambie ni kipi ulichokiona.

Kwetu kuna jambo la kijicho, na sitaki kulipita kwa sababu ni la kweli katika kazi zetu. Wapo mafundi wanaofunika kazi kwa shuka ukiingia. Ukisifu kavukavu, bila ya Mashaallah, mtu moyo unamwenda mbio, na kesho ubao ukipasuka atakukumbuka wewe. Sioni kosa katika desturi ile, na mimi mwenyewe siachi kuisema. Linalonisikitisha ni mtu anayesema Mashaallah akaishia hapo, akatoka. Amejikinga na lawama, lakini hakumpa mwenzake chochote. Sema Mashaallah, kisha uliza: hii pembe umeikata kwa msumeno gani? Ubao huu umeukausha muda gani? Swali kama hilo humkunjua hata aliyefunika kazi kwa shuka. Nimeona mashuka yakiondolewa.

Kuna dada mmoja upande wa Vitongoji ambaye kazi yake ningependa kila seremala wa Pemba aitazame. Alijifunza kwenye kituo cha mafunzo ya amali pale pale Vitongoji, na sasa anafanya kazi nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye kibanda ambacho zamani walilala mbuzi. Jiliwa lake, kile kibanio cha kushikia ubao, limefungwa juu ya kisiki cha mnazi kilichofukiwa ardhini, na hakitikisiki kuliko mabenchi mengi niliyoyaona. Msumeno wake mdogo kautengeneza kwa kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, kaukita kwenye mpini wa mpera. Watu humpelekea vitu ambavyo mafundi wanaume huviita vidogo: mbuzi za kukunia nazi, vigoda, vibao vya kusukumia chapati, na marufaa za kuwekea msahafu za watoto wa chuoni.

Marufaa! Wengi wetu tumesomea juu yake tangu utotoni, tumeweka msahafu, tumekunja na kukunjua, wala hatukujiuliza. Marufaa nzuri ni ubao mmoja. Haina bawaba, haina msumari, haina gundi. Nilikaa nikamtazama akiitengeneza kuanzia ubao mzima. Alichora mstari wa katikati wa unene kuzunguka kingo zote. Akapima pale bawaba itakapokuwa, akagawa upana wa ubao kwa vidole vilivyo sawa. Kwa patasi akavichonga vidole kwa zamu, kimoja upande wa mbele, kinachofuata upande wa nyuma, kila kimoja akikizungusha kidogo ili kiweze kugeuka. Kisha msumeno: kutoka juu akaupasua ubao katikati ya unene wake, taratibu, mpaka kwenye vidole. Akaugeuza, akapasua kutoka chini mpaka kwenye vidole vile vile. Mikono yake ilikuwa haina haraka hata kidogo.

"Kaka, ukifanya pupa hapa," alisema akionesha vidole kwa ncha ya patasi, "umepata kuni mbili."

Mwisho akaupigapiga kwa kiganja, akaingiza ncha ya patasi, akasukuma. Ubao ukalia, ukafunguka ukasimama wenyewe kwa miguu miwili, na pande mbili zile hazitaachana mpaka zivunjwe. Nilishindwa kusema kitu. Nimetengeneza milango mingi, nimeezeka mapaa, lakini nakiri wazi kwamba fremu ya mlango ni kazi nyepesi ukiilinganisha na ile. Anayesema dada yule anatengeneza vitu vidogo hajui anachokisema.

Mbao zake nyingi ni vipande vilivyobaki kwa mafundi wengine. Tangu siku ile vipande vyangu vizuri havichomwi. Naviweka kwenye gunia, na gari ya Chake Chake ikipita navipakia.

Mbao kwetu ni jambo la kulilia. Kukata mti mkubwa kunahitaji kibali, na ni haki kuwe hivyo, maana kisiwa ni kidogo na Ngezi ni moja tu. Paini inakuja kutoka Mafinga, msaji unatoka mashamba ya bara, yote kwa bahari, na kila hatua ina gharama yake. Kwa hiyo karibu kila seremala mzuri niliyemtembelea ana ubao mmoja au miwili anayoificha. Iko chini ya kitanda, au juu ya dari, au nyuma ya kabati. Mvule wa marehemu baba. Kipande cha mbambakofi kilichotoka kwenye jahazi lililovunjwa. Akikuamini atakutolea, atakipangusa vumbi, atakipaka mate kwa kidole ili uone rangi. Hana mpango nacho bado. Kutazama ubao ule pamoja naye, kubishana ungefaa kuwa kitu gani, ni starehe ambayo siwezi kuibadilisha na sherehe yoyote.

Unguja nina rafiki mchonga nakshi, anafanya kazi uani kwao Ng'ambo. Huyu hutumia patasi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, nyingine upana wake haufiki robo ya inchi, zimepangwa kwenye kitambaa kilichoshonwa mifuko. Lakini hazina yake kubwa ni makaratasi. Kwa miaka amekuwa akienda Mji Mkongwe asubuhi mapema, kwa ruhusa ya wenye nyumba, anaweka karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa mkaa mpaka umbo linatokea: samaki, mnyororo, waridi, kuti la mtende. Kakunja kaandika mtaa na tarehe.

Alinitembeza mitaa ya Kiponda na Hurumzi nikajifunza kutazama mlango kwa utaratibu. Mlango wenye kichwa cha mraba na maandishi juu ya kizingiti ni wa mtindo wa Kiarabu, wenye kichwa cha upinde ni wa Kihindi. Mnyororo uliochongwa kuzunguka miimo unaifunga nyumba isiingiwe na shari. Akanisimamisha mbele ya mfaa, ule mhimili wa katikati unaopigiliwa kwenye ubawa mmoja, akasema nitazame chini, pale nakshi inapokaribia sakafu. Fundi alikuwa amechonga kwa undani ule ule wa juu, pahala ambapo miguu na maji ya mvua ndivyo vingefika. Tulisimama pale mpaka mwenye nyumba akatuletea kahawa.

Mji Mkongwe umeingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na watu hutoka mbali kuja kupiga picha milango ile. Sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu walifariki, na mji mzima ulishikwa na majonzi. Rafiki yangu alinipigia simu usiku ule. Baada ya kuwaombea marehemu alizungumza juu ya mbao tu, juu ya mikono iliyochonga mle ndani, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Makaratasi yake yale ya mkaa, mimi nayaona ni kumbukumbu ya watu hao.

Sasa zipo mashine zinazochonga kwa kompyuta. Unaingiza picha, inatoka nakshi kwa muda wa chai. Siipingi, mlango wa bei nafuu una haki ya kuwa na ua. Lakini weka mbao mbili kwenye jua la saa kumi. Ya mashine, bonde lake lote lina kina kimoja na kivuli chake ni kimoja. Ya mkono, patasi ilizama hapa kidogo, ikapanda pale, na kivuli kinatembea. Mteja akioneshwa tofauti ile anaiona mara moja. Wa kumuonesha ni sisi.

Adabu za matembezi haya nimezichuma kidogo kidogo. Usiishike randa ya mtu bila ya ruhusa, na ukiishika usiilaze kifudifudi. Usiulize bei kabla hujaitazama kazi. Nenda na kitu, hata msasa kipande. Ukioneshwa njia mpya, ukienda ukaitumia, rudi umuoneshe aliyekufunza jinsi ilivyotoka. Hili la mwisho wengi tunalisahau. Mimi nilirudi Konde, kwa yule mzee wa kitanda cha mfenesi, na mguu wa meza wa mvule wenye kijiti cha kuvuta. Mzee aliugeuza, akaupigapiga, akaniambia tundu nimelisogeza kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mvule, mfenesi ungekubali, mvule unataka zaidi. Tukakaa mpaka magharibi.

Vijana wawili wanaojifunza kwangu nimewaanzishia vivyo hivyo. Mmoja nimempeleka Vitongoji akakae na yule dada, amerudi na marufaa iliyopasuka na ya pili iliyofunguka, zote mbili nimezitundika. Mwengine anachonga randa yake ya mbao, mwili wake ni kipande cha msaji nilichokuwa nimekificha juu ya dari.

Na kwa seremala yeyote atakayepita Wete: uliza chini ya soko, utaelekezwa. Njoo alasiri, asubuhi huwa tunapasua mbao na kelele ni nyingi. Chukua patasi yako moja tuinoe pamoja, na kama una kiungo chako ambacho hakuna aliyekuuliza, kilete.